Kutengeneza Dokumentari ya Mwanamke Anayedai Haki Baada ya Kubakwa: Mwongozo Kamili, Hatua kwa Hatua

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye tayari ana kamera na nia, na amempata mwanamke aliyekubali, au anayefikiria kukubali, kufuatwa na kamera wakati akidai haki baada ya kufanyiwa ukatili wa kingono. Sifundishi namna ya kupima mwanga. Naandika yale yanayopitwa haraka mno katika mafunzo ya filamu: ridhaa, mahakama, usiri, na namna ya kuhariri bila kumuumiza aliyekwisha kuumizwa.

Msimamo wangu niuseme mapema, maana kila hatua hapa chini inatokana nao. Kesi yake inatangulia filamu yako. Picha nzuri ikigongana na ushahidi wake, picha inaachwa. Ikigongana na usalama wake, picha inaachwa vilevile. Asiyeweza kulikubali hilo achague mada nyingine, na afanye hivyo leo, kabla hajampa mtu matumaini.

Hatua ya 1: Kutana naye bila kamera

Mkutano wa kwanza usiwe na kamera wala simu inayorekodi. Wa pili pia. Yeye ndiye achague mahali, na aje na mtu anayemwamini akipenda. Msikilize anataka nini. Wapo wanaotaka mshitakiwa afungwe. Wapo wanaotaka tu jambo lililotokea liandikwe mahali kwamba lilitokea. Wengine wanataka filamu kwa sababu faili lao limelala kituoni na wanaona kamera ndiyo itakayoliamsha. Huyo wa mwisho mweleze ukweli: kamera inaweza kuliamsha faili, na inaweza pia kuliharibu. Usimwahidi matokeo ambayo huna uwezo nayo.

Uliza kesi imefika wapi. Haijaripotiwa? Iko kwenye upelelezi? Iko mahakamani, kwenye rufaa, au imefutwa? Kila jibu linabadilisha unachoruhusiwa kurekodi. Uliza pia mtuhumiwa anaishi wapi na ana uhusiano gani naye, kwa sababu mara nyingi anayefanya ukatili huu ni mtu anayefahamika: ndugu, bosi, mchumba, jirani. Ukifika nyumbani kwake na watu watatu na gari lenye nembo, umekwisha kuwatangazia wote jambo ambalo pengine hajamwambia hata dada yake.

Inaweza kutokea, ukiwa kazini, mwanamke mwingine akusimulie tukio la jana au juzi. Weka kamera chini. Anahitaji hospitali kabla ya kitu kingine chochote. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinapaswa kuanza ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora. Dawa ya dharura ya kuzuia mimba inaweza kutumika hadi siku 5, nayo pia hufanya kazi vizuri zaidi inapowahi. Kama bado hajaoga, asioge kwanza. Nguo alizovaa ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, kwa kuwa plastiki hutunza unyevu na kuharibu vielelezo. Na hata kama saa hizo zimepita, aende tu, matibabu na ushauri nasaha bado vinamfaa.

Hatua ya 2: Omba ridhaa, kisha iombe tena

Karatasi iliyosainiwa siku ya kwanza inakulinda wewe kuliko inavyomlinda yeye. Mtu aliyesaini akiwa na hasira ya mwanzo wa kesi hatakuwa yuleyule miaka mitatu baadaye, akiwa amehama, ameolewa, au ana mtoto anayeanza kusoma. Kwa hiyo ridhaa iombwe kabla ya kurekodi, iulizwe tena mwisho wa kila siku ya kazi, iulizwe baada ya yeye kuona mkato wa awali, yaani toleo la kwanza la filamu lililohaririwa, na iulizwe mara ya mwisho kabla filamu haijatoka.

Usimweleze matokeo kwa maneno ya jumla. Ukisema "filamu itaonekana duniani" hujamwambia kitu. Mwambie: mwajiri wako anaweza kuiona. Mama mkwe wako anaweza kuiona. Mwanao akiwa na miaka kumi na mbili anaweza kutumiwa kipande cha nusu dakika kwenye simu, bila maelezo yoyote, na mimi sitakuwa na uwezo wa kukifuta. Halafu mwombe akueleze yeye, kwa maneno yake, alichoelewa. Asipoweza, hujapata ridhaa bado. Asisaini siku hiyohiyo. Fomu iwe katika lugha anayoongea nyumbani, na kama hasomi, maelezo yote yasomwe kwa sauti na yarekodiwe kwenye faili la pembeni, mbali na picha za filamu.

Haki ya kujitoa iandikwe wazi pamoja na tarehe. Kwa kawaida mtu anaweza kujitoa hadi mhariri anapofunga picha, yaani mpangilio wa filamu usipobadilishwa tena. Baada ya hapo wasambazaji wameshaingia na mambo huwa magumu, hivyo ajue siku hiyo ni ipi, na ajue picha zake zitafanywa nini akijitoa.

Kwa aliye chini ya miaka 18, ridhaa ya mzazi haitoshi. Mzazi anaweza kukubali kwa nia njema kabisa, lakini atakayeishi na filamu hiyo ni mtoto. Mkurugenzi wa filamu *To Kill a Tiger*, Nisha Pahuja, alimfuata baba mmoja mkulima wa Jharkhand, India, aliyemtetea binti yake wa miaka 13 mbele ya kijiji kilichotaka binti aozwe kwa mmoja wa waliombaka. Uamuzi wa kuonesha uso wa binti huyo uliachwa hadi alipotimiza miaka 18, akaitazama filamu mwenyewe, kisha akasema uso wake uonekane. Naona huo ndio utaratibu wa kufuata: subira ya miaka, kisha neno la mwenyewe. Hata hivyo angalia sheria ya mahali ulipo. Nchi nyingi, India ikiwamo, zina sheria inayokataza kutangaza jina au utambulisho wa aliyebakwa.

Ridhaa ya wengine nayo ina uzito. *Black Box Diaries*, filamu ambayo mwandishi wa habari Shiori Ito aliitengeneza kuhusu kesi yake mwenyewe nchini Japani, ilioneshwa kwa mara ya kwanza kwenye tamasha la filamu la Sundance, Marekani, mwaka 2024 na ikafika kwenye uteuzi wa Oscar. Lakini mwaka huohuo mawakili waliowahi kumwakilisha walijitokeza hadharani kulalamika kwamba picha za kamera za usalama za hoteli, zilizotolewa kwa ahadi ya kutumika mahakamani tu, zimetumika kwenye filamu bila kibali. Wapo waliomtetea kwamba bila picha zile ukweli usingeonekana, na hoja yao ina nguvu. Ila fikiria hoteli nyingine, au dereva, atakayeombwa ushahidi na mwanamke mwingine kesho. Kila picha na sauti isiyo yako iwe na barua yake, tangu mwanzo.

Hatua ya 3: Zungumza na wakili wake kabla ya kurekodi neno moja kuhusu tukio

Hapa ndipo filamu nyingi zenye nia njema huleta madhara.

Kila mara anaposimulia tukio, anatoa maelezo. Kumbukumbu ya mtu aliyepatwa na kiwewe haikai kwa mpangilio: anaweza kukumbuka harufu ya chumba na rangi ya shati, asikumbuke ilikuwa saa ngapi au kipi kilitangulia. Aliwaambia polisi kwamba ilikuwa saa mbili usiku. Mbele ya kamera yako atasema ilikaribia saa tatu. Hajadanganya popote. Lakini wakili wa utetezi akipata mkanda wako, atamsimamisha kizimbani na kumuuliza ni yupi aliyemdanganya, polisi au mtengeneza filamu. Na katika nchi nyingi mahakama inaweza kukuamuru uzikabidhi picha ghafi zote (zile ulizorekodi kabla ya kuhariri), pamoja na zile ulizodhani hazina maana.

Kanuni ninayoishikilia ni hii: usirekodi simulizi ya tukio mpaka amemaliza kutoa ushahidi, na ikiwezekana mpaka hukumu na rufaa zimepita. Wakili akisema subiri, unasubiri. Kama hana wakili, mtafutie kwanza shirika la msaada wa kisheria, kisha filamu ifuate.

Utarekodi nini basi kwa miaka hiyo? Utarekodi kudai haki kwenyewe, na humo ndimo filamu ilimo. Safari ya alfajiri kwenda mahakamani. Korido, benchi, jina linaloitwa vibaya. Shauri kuahirishwa kwa sababu hakimu yuko safarini, kisha tena kwa sababu faili halionekani. Shahidi aliyeacha kupokea simu. Kaka anayesema yaishe. Siku anayotamani kuacha, na mtu anayemrudisha. Haya hayagusi ushahidi wake, na mtazamaji atajifunza kutoka kwayo kitu ambacho simulizi ya usiku ule haiwezi kumfundisha: kwa nini wengi hawaripoti.

Mwenye shaka kwamba mwenendo wa kesi unabeba hadithi, aitazame kesi ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba nchini Rwanda, iliyosikilizwa Arusha na mahakama ya kimataifa ya kesi za Rwanda. Hati ya mashtaka ya mwanzo haikuwa na ubakaji kabisa. Kesi ikiwa imeshaanza, mwaka 1997, shahidi mwanamke akataja kizimbani kwamba binti yake mdogo alibakwa. Kwenye jopo la majaji alikuwepo Navanethem Pillay, mwanamke pekee kati ya watatu. Maswali yakaulizwa, mashahidi wengine wakajitokeza, na mwezi Juni mwaka huo hati ikarekebishwa. Tarehe 2 Septemba 1998, kwa mara ya kwanza mahakama ya kimataifa ikatamka kwamba ubakaji unaweza kuwa tendo la mauaji ya kimbari. Wanawake waliotoa ushahidi walitambulishwa kwa herufi tu. Hadithi hiyo ina mwanzo, kikwazo, mgeuko na matokeo, na haihitaji kuonesha kitendo chenyewe hata sekunde moja.

Ndani ya mahakama, fuata taratibu. Andika barua kwa msajili na usubiri majibu kwa maandishi. Kesi nyingi za aina hii husikilizwa faraghani, na kuingiza kinasa sauti kwa siri kunaweza kukufikisha wewe mwenyewe kwenye kesi. Daftari na kalamu vinatosha, na mchoraji anaweza kukuchorea chumba baadaye. Usiwahoji mashahidi wawili pamoja. Usimsikilizishe mmoja maneno ya mwenzake. Usitoe hata kionjo cha filamu wakati shauri linaendelea: unaweza kushitakiwa kwa kuingilia mwenendo wa mahakama, na utetezi utapata sababu ya kudai kwamba mteja wao hawezi kutendewa haki.

Hatua ya 4: Fedha, kwa maandishi

Usilipie simulizi. Malipo hayo yatafika mahakamani kabla yako, na swali litakuwa "umelipwa kiasi gani kusema haya?" Lakini pia usimwachie gharama za filamu yako. Nauli, siku ya kazi aliyoipoteza kwa sababu yako, mtu wa kumwangalizia mtoto, vikao vya ushauri nasaha, vyote ni haki yake. Viandikwe kwenye mkataba kabla ya kazi kuanza, kwa kiwango kisichobadilika hata aseme nini au akatae kusema nini, na wakili wake apate nakala. Filamu ikija kuleta faida, sehemu yake ijadiliwe baada ya kesi kwisha, lakini wewe ndiye uanzishe mazungumzo hayo. Usingoje akuulize.

Hatua ya 5: Ficha utambulisho tangu kwenye lenzi

Kufifisha uso wakati wa kuhariri ni ulinzi dhaifu. Picha ghafi bado ina uso, na diski huibiwa, hukopeshwa, huachwa kwenye gari. Kivuli cha mtu aliyekaa mbele ya dirisha kinaweza kung'arishwa kwa programu ya kawaida ukaona pua na macho. Sauti iliyoshushwa inaweza kupandishwa tena. Kama hataki kujulikana, usimrekodi uso hata mara moja: rekodi mikono, mgongo, viatu, chumba kitupu, na maneno yake yasomwe na mwigizaji.

Kisha kagua vinavyobaki. Kovu, pete, mwendo, kanga anayoivaa kila Ijumaa. Mandhari ya dirishani. Sare ya shule ya mtoto. Namba ya gari. Ndugu anayeonekana uso wazi huku ukiwa umemficha yeye. Mwambie mtu wa eneo lake, aliyekubaliwa na yeye mwenyewe, aitazame picha na ajaribu kukisia ni nani. Watu wasiomjua hawatamtambua hata usipoficha kitu. Kipimo ni wale wanaomjua.

Mafaili nayo. Simu nyingi huhifadhi mahali picha ilipopigwa ndani ya faili, zima kipengele hicho. Diski zifungwe kwa nywila kwa njia ya usimbaji (data isisomeke bila nywila), nakala ya pili ikae jengo jingine, na majina ya mafaili yasiwe na jina lake bali herufi ya siri. Orodha inayounganisha herufi ya siri na jina halisi iwe na mtu mmoja tu.

Hatua ya 6: Mahojiano makubwa

Siku hiyo ikifika, baada ya kesi, iwe siku yenye kazi moja tu. Asihojiwe usiku. Mshauri nasaha awe karibu au apatikane kwa simu, na mkubaliane kabla kwamba akiinua mkono kamera inazimwa bila kuulizwa sababu. Punguza watu chumbani. Muulize kama angependa mpiga picha awe mwanamke. Kiti chake kiwe karibu na mlango, na asizibiwe njia.

Muulize alikuwa nani kabla, alikuwa akisoma au kufanya kazi gani, alipenda nini. Anza na hilo na umalizie na maisha ya sasa. Usimwache kwenye tukio na kuanza kukunja nyaya. Maswali ya "kwa nini" yaepuke. "Kwa nini hukupiga kelele?" ni swali la mshitakiwa, na jibu lake linajulikana: mwili unaweza kuganda kwa hofu, mtu asiweze kusogea wala kutoa sauti. Sema badala yake, "unakumbuka nini baada ya hapo?" Akinyamaza, nawe nyamaza. Akicheka mahali ulipotegemea machozi, mwache acheke. Usimwombe arudie sentensi kwa sababu maikrofoni ilikwaruza. Akilia, usivute picha usoni.

Mpigie kesho yake. Mpigie tena baada ya wiki. Mtafute hata kama hakuna kitu unachokihitaji.

Hatua ya 7: Mtuhumiwa

Kabla ya hukumu anaitwa mtuhumiwa au mshitakiwa, basi. Mpe nafasi ya kujibu, kwa barua yenye madai mahususi na muda wa kutosha, lakini kwanza mjulishe mwanamke na wakili wake siku barua itakapofika, kwa sababu huo ndio wakati wa vitisho.

Kila sentensi ya madai ipitiwe na mwanasheria wa habari. Shiori Ito alishinda kesi ya madai Tokyo mwezi Desemba 2019, baada ya waendesha mashtaka kukataa kufungua kesi ya jinai. Kwenye rufaa, Januari 2022, ushindi wake ulibaki, lakini mahakama hiyohiyo ilimwamuru alipe yen 550,000 kwa kumchafulia jina mdaiwa, kwa sababu alidai alitiliwa dawa kwenye kinywaji na dai hilo halikuthibitika. Mwanamke aliyeaminiwa na mahakama katika jambo kubwa alitozwa kwa jambo moja lisilo na uthibitisho. Kama filamu yako itabeba dai la aina hiyo, wewe ndiye umemtwisha hatari hiyo.

Hatua ya 8: Kuhariri

Usiigize tukio. Hakuna mlango unaofungwa taratibu, hakuna mkono ukutani, hakuna muziki wa kutisha. Mtazamaji akishaoneshwa atamkumbuka mwanamke huyu kwa picha uliyoibuni wewe. Usipange mkato ili machozi yafuatane na swali ambalo hayakulijibu. Usifiche yanayomfanya asiwe mkamilifu, kama kuchelewa kuripoti au ujumbe aliomtumia mtuhumiwa siku iliyofuata, kama yeye na wakili wake wanakubali yaingie. Watazamaji wengi wanajua hadithi kama hizo kutoka kwenye familia zao, na ukizificha utakuwa umewaambia kwamba anayestahili haki ni yule tu aliyefanya kila kitu sawasawa.

Mwoneshe mkato wa awali peke yake, au na mtu anayemchagua. Rimoti iwe mkononi mwake. Mpe siku kadhaa kabla ya kumuuliza. Anachoomba kiondolewe kuhusu mwili wake, watoto wake na usalama wake, kiondolewe bila mjadala. Mengine mnaweza kubishana, na mwisho wa siku kazi ya uhariri ni yako.

Hatua ya 9: Kuitoa

Onesho la kwanza lisiwe la watu wa tamasha. Liwe lake, kisha la familia yake kama anataka. Kabla filamu haijasambaa, kaeni naye mpange: nani atasoma maoni mtandaoni kwa niaba yake, atalala wapi wiki hiyo kama kuna hatari, atajibu nini akiulizwa kazini. Kuhudhuria maonesho na kujibu maswali kuwe hiari yake kila mara, hata kama bango tayari limechapwa. Msimamizi wa mjadala awaambie watu kabla ya kipaza sauti kuzunguka kwamba hakuna maswali ya kina kuhusu tukio. Ukumbini awepo mshauri nasaha na namba za msaada zilizokaguliwa wiki hiyohiyo, kwa sababu katika kila ukumbi kuna walioyapitia.

Fikiria pia nani hasa aione. *The Invisible War*, filamu ya mwaka 2012 kuhusu ubakaji ndani ya jeshi la Marekani, ilimfikia Waziri wa Ulinzi Leon Panetta mwezi Aprili mwaka huo, kabla haijaingia kwenye kumbi za sinema. Siku chache baadaye alitangaza kwamba uamuzi kuhusu kesi nzito za aina hiyo unahamishiwa kwa maofisa wa ngazi ya juu zaidi. Kwa hiyo, mbali na orodha ya matamasha, andika majina ya watu wenye kalamu ya kubadilisha utaratibu uliomkwamisha mwanamke huyu: mkuu wa upelelezi, msajili wa mahakama, wabunge wa kamati inayohusika. Waoneshe hao kwenye chumba kidogo, na uwe na ombi moja lililoandikwa.

Mwisho, picha ghafi. Amueni pamoja kama zitafutwa, zitatunzwa au atakabidhiwa yeye, na nani atakuwa na nywila wewe ukihama kazi au ukifariki. Liandikeni kwenye mkataba, lakini zisifutwe wakati kesi au rufaa yoyote bado iko hai: kufanya hivyo kunaweza kuhesabiwa kuwa ni kuharibu ushahidi.